Mgongo Uliokubeba

Asifiwe wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mabanga kuwaaga waimbaji wenzako wa korali, na umesema utarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimekaa kwenye meza yetu, ile ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa jiwe la volkano. Nimesogeza sahani na kuchukua daftari la kutayarishia masomo, kwa sababu ndilo pekee lililobaki na kurasa safi. Valizi yako iko mlangoni, imefungwa kamba. Kesho asubuhi utavuka mpaka pamoja na jamaa za Tantine, anayekupokea kwake, na kupanda basi la Kampala, na mimi nitarudi kwenye nyumba hii ya mbao nikiwa peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala mahali pa kuficha karatasi zako, wala namna ya kumheshimu Tantine. Hayo umeyasikia mpaka umeanza kuyasema pamoja nami, ukiiga sauti yangu na kutikisa kidole. Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyosema Jumapili.

Unajua desturi ya kanisa letu. Anayesafiri anasimama mbele, anatoa ushuhuda, kisha wamama wanamzunguka na kumwombea. Ulisimama. Ulikuwa umejifunga kiunoni kikwembe kile, kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, ambacho siku zote nimekuambia ni cha mama yangu. Ukasema, "Bwana asifiwe," watu wakajibu. Ukasema, "Mimi siogopi kwenda. Mama yangu alinibeba mgongoni toka Masisi mpaka Mugunga. Hakunitua hata mara moja. Ile nguvu ya Mama ndiyo ninaenda nayo."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Njiani ulikuwa unarukaruka juu ya mawe kama mtoto mdogo. "Mama, umeona? Hata mama pasteri ametoa machozi! Yeye ambaye hakulia hata kwenye kilio cha dada yake!" Nilicheka pamoja nawe. Kisha tulifika nyumbani, nikashindwa kula sombe, yale majani ya muhogo niliyoyapika mwenyewe.

Mwanangu, nilikutua.

Nimeandika maneno hayo mawili. Sasa nitakueleza polepole, maana kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiieleza safari ile vibaya.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa na miwili na nusu, mzito kama gunia la viazi, kwa sababu mama yangu alikuwa amekushibisha maziwa hadi alipofariki mvua zilipoanza mwaka ule. Baba yako alikuwa ameshakwenda machimboni, na habari zake unazijua, yaani hazipo. Baada ya kukuzaa nilirudi shule. Wasichana walicheka: "Mama wa mutoto anarudi kukaa kwenye benchi!" Nilivumilia kicheko kile miaka miwili, nikapata diplome yangu. Nilikuwa nayo mkononi kwa majuma matatu tu vita vilipofika kwenye kilima chetu. Nilichukua vitu viwili. Nilikuchukua wewe, na nilichukua begi lenye diplome, madaftari yangu yote, kamusi ya Kifaransa na picha ya mama.

Tulitembea siku mbili katikati ya watu. Siku ya pili, tulipoipita Sake, mvua ilinyesha na kitambaa nilichokufungia mgongoni kilichanika. Kwa hiyo nilikubeba mikononi, begi nikalitia kichwani. Upande huu na upande ule wa barabara palikuwa na mawe meusi tu, huna pa kukaa wala pa kujificha. Ulikuwa unalia. Nilifika mahali ambapo nilikuwa na vitu viwili na nguvu ya kitu kimoja.

Nikakuketisha juu ya jiwe, kando ya barabara. Nikakupa ndizi yetu ya mwisho. Nikakuambia, "Kaa hapa. Mama anakuja." Nikaliinua begi langu, nikaenda.

Sikukusahau. Ningeweza kukuandikia kwamba nilichanganyikiwa, kwamba umati ulitutenganisha, na ungeniamini. Lakini nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilijiambia nitafikisha begi kisha nirudi, na wakati huohuo nilijua sitarudi. Niligeuka mara moja tu. Ulikuwa unakula ndizi. Hukulia tena, kwa sababu uliniamini.

Nilifika kambi ya Mugunga jioni. Nikaketi juu ya begi langu katikati ya maelfu ya watu, na sikuinuka. Sikuomba hata sala. Watu wengine wanasema katika saa kama ile walimwona Mungu, au walisikia sauti. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kisha nikasikia mwanamke akipita kati ya watu na kuuliza, "Mutoto huyu wa nani? Mutoto huyu wa nani?" Alikuwa na lafudhi ya Kinyarwanda. Kwetu kilimani tulilelewa tukiiogopa lugha ile, kama wao walivyolelewa wakiiogopa yetu. Alikuwa mfupi, wa makamo, miguu mitupu, na mgongoni mwake ulikuwa wewe, umefungwa vizuri kwa kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano. Alipita karibu nami. "Mutoto huyu wa nani?" Nikainamisha kichwa. Hilo pia ulijue: alipouliza mara ya kwanza, sikujibu. Ni wewe uliyenyoosha mkono na kusema, "Mama."

Akasimama. Akanitazama, akalitazama begi.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Na hicho umekikumbatia hivyo ni nini?"

"Ni diplome."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechoka sana. "Basi, Mademoazeli, leo tutapika diplome. Maharagwe yangu niliyaacha pale nilipomuokota huyu."

Sikuelewa siku ile. Nilielewa baadaye, nilipoona anavyozunguka kambini kuomba kikombe cha unga. Alikuwa ametoka kwao na gunia la maharagwe mgongoni, chakula chake cha mwezi mzima. Alikuwa na mgongo mmoja, kama mimi. Naye pia alitua kitu.

Nilinyoosha mikono nikupokee na kukufungua. Akanizuia. "Usimufungue, amelala. Kaa na kikwembe." Akakuhamishia mgongoni mwangu ukiwa hivyohivyo, umefungwa, na hukuamka. Asubuhi alirudi na uji. Sikuwa nimemwomba.

Aliitwa Mama Vestine. Hukumbuki, ingawa ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi miezi ile. Tuliishi jirani chini ya shitingi, yale maturubai ya msaada, ukuta wake ukigusana na wetu, nikimsikia akikohoa na akisali rozari yake kwa Kinyarwanda. Nilimkwepa. Ni vigumu kuishi karibu na mtu aliyekuona.

Jumapili moja wahubiri walikuja kambini na kuuliza nani ana ushuhuda. Watu walikuwa wanasimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na kitu Mungu alichomtendea. Nikasimama na mimi. Nilitaka kusema asante kwamba u hai. Lakini nilifungua kinywa na kikasema, "Mungu alinipa nguvu nikambeba mtoto wangu mpaka hapa." Watu wakapaza haleluya. Mzee mmoja akasema, "Huyu aitwe Mama Nguvu." Nikaketi, na nilipogeuka nikamwona Mama Vestine amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

Nilimngoja aje anifedheheshe. Alikuja jioni kuazima kisu. Akasema, "Umeshuhudia vizuri, Mademoazeli. Ila umeruka mahali pa mikojo. Yule mutoto alinikojolea mgongo mzima, toka Sake!" Akachukua kisu, akaenda zake. Hakuligusa tena jambo lile mpaka siku ya kuagana.

Mara moja tu nilimuuliza kwa nini alikubeba. Alikuwa anachambua mboga za lengalenga.

"Kwa nini, kwa nini. Nyinyi watu wa shule mnauliza kwa nini kwa kila kitu. Mutoto alikuwa chini."

"Lakini hukutujua. Na sisi na nyinyi…"

"Eh! Sisi na nyinyi. Ile mikojo ilikuwa ya lugha gani?"

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia alinitazama kidogo, akarudi kwenye mboga zake. Baadaye, siku aliposikia kwamba mumewe ameonekana upande wa Rutshuru, alifunga vitu vyake akaja kutuaga. Nilimrudishia kikwembe. Akakataa. Akaniambia kwa sauti ndogo, ili majirani wasisikie, "Ulichoka. Kuchoka si kumuchukia mutoto. Mungu anajua tofauti." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alijua kila kitu, tangu mwanzo. Nikabaki nimesimama na kitambaa mikononi, sikusema hata asante ya kueleweka. Sijamwona tena. Nimemtafuta katika kila msongamano wa watu wanaokimbia tangu wakati ule, na wewe unajua misongamano hiyo imekuwa mingapi.

Baada ya hapo uongo ulikua pamoja nawe. Ulipouliza kikwembe ni cha nani, nilisema ni cha nyanya yako. Ulipouliza kama ulikuwa mzito, nilisema, "Sana, lakini Mungu alinipa nguvu." Tulipopata nyumba hapa Ndosho na mimi nikapata darasa la biolojia, jina lilinifuata. Mama Nguvu. Wamama waliofiwa waliletwa kwangu niwafundishe kusimama.

Kwa hiyo nikaanza kuitafuta nguvu ambayo watu walidhani ninayo. Nilifunga, na si kufunga kwa kawaida. Unakumbuka siku zile nilipokuacha kwa jirani nikaenda chumba cha maombi? Nilifunga siku tatu bila chakula wala maji, mara nyingi kuliko ninavyotaka kuhesabu. Niliita hilo kumtafuta Mungu. Leo nafikiri nilikuwa najaribu kuibeba barabara ile upya, peke yangu, bila kutua, ili siku moja ushuhuda wangu uwe kweli.

Siku ya tatu ya mfungo mmoja nilianguka darasani. Nilikuwa nachora jani ubaoni, nikielekea kwenye mishipa yake, na chaki ikaenda na mimi chini. Nilipozinduka wasichana wawili walikuwa wananibeba kunipeleka ofisini, mmoja mabegani, mmoja miguuni, na wa nyuma analalamika, "Madamu ni mwembamba lakini mifupa yake ina uzito!" Nilitaka kuwaambia wanishushe. Nilikuwa na aibu kama ya kufa. Lakini sikuwa na sauti, na kwa kuwa sikuwa na sauti, walinibeba.

Hapo, Asifiwe, kati ya mlango wa darasa na mlango wa ofisi, nikakukumbuka wewe. Katika habari yote ile ya barabara, kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakufanya kosa wala hakubeba mzigo, na alichofanya ni kulala. Hukujikaza. Hukumstahili Mama Vestine, hukumwomba, hukumlipa, ulimkojolea. Ulipowekwa mgongoni uliegemeza shavu lako, ukalala, na ukafika. Nami miaka yote ile nilikuwa nafundisha watu kuwa mgongo.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu neema, na ningeweza kukueleza kwa maneno makubwa. Sitafanya hivyo. Ninachokijua kwa hakika ni kidogo: niliketi juu ya begi nikiwa mtupu, sikuita, na kilichokuwa kimepotea kwa mikono yangu mwenyewe kililetwa hadi miguuni pangu, na uji juu ya hayo. Aliyekileta hakuniuliza kama nimetubu. Nimetubu kwa sababu alikileta. Tangu siku ya kuanguka darasani, sala yangu imekuwa fupi. Unaniona asubuhi nimefumba macho kabla ya kuwasha makaa, unadhani nasema mengi. Nasema neno moja: Nibebe. Siku nyingine sihisi kitu baada ya hapo. Nawasha makaa hivyohivyo, na mara nyingi, kufikia mchana, nagundua kwamba nimetembea.

Utauliza kwa nini sikukuambia mapema. Kumwambia Mungu kulikuwa rahisi, yeye alikuwa anajua tayari. Wewe ndiye hukujua, na nilipenda sana namna ulivyonitazama.

Kisha ukaja usiku ule wa mwezi uliopita, mabomu yalipoangukia upande wa pili wa barabara na tukalala chini ya meza hii. Nilikuambia ulie ukitaka. Hukulia. Asubuhi niliona damu kwenye kidevu chako, ulikuwa umeuma mdomo mpaka ukapasuka, na ukaniambia, kwa fahari, "Mimi ni mtoto wa Mama Nguvu." Niliosha kidonda chako. Niliona kwamba nimekutwika begi jingine.

Hilo ndilo ninaloogopa. Siogopi kwamba utaanguka Kampala. Utaanguka, kila mtu huanguka. Huko watakuita mkimbizi, hutajua lugha, utakaa darasani ukiwa mkubwa kuliko wenzako, na kutakuwa na usiku ambapo utaona umeishiwa. Naogopa kwamba usiku huo utafikiri umemwaibisha mama yako aliyetoka Masisi mpaka Mugunga bila kutua. Mama huyo hakuwahi kuwapo. Ukifikia pale ambapo una vitu viwili na nguvu ya kitu kimoja, kumbuka kwamba hapo ndipo ulipookotwa. Kaa kwenye jiwe, ulie kwa sauti. Mtu akikuletea uji, unywe, hata kama lugha yake ulifundishwa kuiogopa. Na ukimkuta aliyeachwa kando ya njia, usiulize sana kwa nini. Halafu ukimkuta aliyemwacha, ambaye ameketi juu ya begi lake na hawezi kuinua kichwa, umfikirie mama yako.

Kikwembe ni cha Mama Vestine. Kichukue, ni chako kuliko kilivyo changu. Mimi nitabaki hapa, kwa sababu nafasi kwa Tantine ni ya mtu mmoja, na kwa sababu darasani kwangu sasa wanalala watu waliokimbia, na asubuhi wanakunja mikeka ili watoto wao wasome. Kesho jioni nitapika ugali wa watu wawili kwa mazoea. Nimeshajiona nikifanya hivyo. Nimeshasikia nyumba ilivyo kimya. Usinionee huruma, nami nitaomba ile sala fupi.

Jambo moja limebaki. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiweka chini kabisa ya valizi, chini ya sweta, uikute umeshafika, mimi nikiwa mbali. Lakini nimefika mwisho wa ukurasa na nimeona ni nini hicho nilichopanga. Ni kukuketisha tena juu ya jiwe na kukuambia Mama anakuja, kisha kuondoka kabla sijauona uso wako.

Kwa hiyo haiendi kwenye valizi. Saa kumi na moja inakaribia, na nakusikia nje ukiimba ile sauti ya pili ya korali, ukikanyaga mawe. Utaingia, utauliza kuna nini cha kula. Nitakupa daftari hili mkononi, na wewe utalisoma hapa mezani, mbele yangu. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kulifunga kabla hujamaliza, lifunge. Kama kesho utavuka mpaka bila kunishika mkono, nitakuwa nimesimama pale hadi usionekane tena.

Kaa hapa, Asifiwe. Mama hajaenda popote.